Mkanda Gani?

Nakumbuka asubuhi moja kule Dubai, mwanangu, miaka ile lile ghorofa refu kuliko yote duniani lingali jipya nami ningali mbichi, taa nyekundu yenye picha ya betri iliponiwakia kwenye dashibodi ikakataa kuzimika. Usicheke. Taa ile ilitaka kunirudisha kwenye kudeki.

Maana mimi nilikwenda kule kufanya kazi za ndani, nikambembeleza madam mpaka akakubali nijifunze gari, niwe napeleka watoto wake shule. Mtihani nikafaulu. Gari lenyewe lilikuwa kuukuu, la marehemu baba yake, lakini nikikaa kwenye usukani najiona malkia. Sasa gereji ilikuwa imeshabadilisha betri mara mbili na taa bado inawaka, na madam akachoka.

"Khalas, basi, Mwanaisha," akaniambia Alhamisi. "Jumapili gari linauzwa. Watoto watapanda basi la shule, wewe utarudi jikoni."

Mfa maji haishi kutapatapa. Nikampigia simu Mzee Shaali, Mzanzibari aliyekuwa fundi magari ujanani, na wakati ule akipakia magari ya mtumba melini pale bandari ya Al Hamriya. Nikamweleza yote: taa huwaka nikifungulia AC mpaka mwisho, nikizima AC inafifia, na asubuhi gari likiwashwa linalia kama kifaranga aliyekanyagwa. Akanisikiliza bila kunikatiza.

"Ah, hilo dogo, mwanangu," akasema. "We kaza mkanda tu."

Nikaitikia haya, wapakizi wenzake wakamwita, simu ikakatika.

Nilikasirika, nisikufiche. Mimi namuuliza gari, yeye ananipa mawaidha! Kwetu ukiambiwa kaza mkanda umeambiwa vumilia, jinyime, dunia ngumu. Nikasema wazee hawa ukiwauliza njia watakupa methali. Lakini penye wazee haliharibiki neno, basi nikatii: nikajikaza, nikanyamaza, nikaanza kulizoea tena fagio.

Jumamosi asubuhi nikawa naliosha gari la madam, ili mnunuzi wa kesho alikute safi. Okello, askari Mganda wa lango la mtaa wetu kule Silicon Oasis, akaniona uso umenivimba, akauliza kuna nini.

"Gari linauzwa. Nimeomba msaada kwa mzee mmoja, kaniambia nikaze mkanda."

"Mkanda gani, dada?" akauliza. "Ile ya kiti ama ile ya suruali?"

Hakuwa akinitania. Kiswahili chake alikiokotea kazini, na misemo yetu ya pwani ilikuwa haijamfikia. Nikafungua kinywa nimweleze kwamba ni maneno ya kusemwa tu, nikajikuta naitazama boneti. Kweli, mkanda gani? Sisi Mombasa, mpira ule unaozungusha vyombo vya injini tunauita fenbelti. Je, Mzanzibari wa zamani angeuitaje?

Nikafungua boneti. Ule unaozungusha dinamo, chombo kinachoipa betri chaji, niliubonyeza kwa kidole ukabonyea kama kamba ya kuanikia nguo. Ulikuwa umelegea, unateleza kila AC inapovuta nguvu. Maskini betri haikuwa na kosa lolote. Okello akaleta spana kutoka chumba cha pampu. Nikalegeza bolti ya dinamo, yeye akaisukuma kwa kipande cha ubao mpaka mkanda ukanyooka, nami nikaifunga bolti kwa nguvu zote alizonipa Mungu.

Nikawasha gari. Halikulia. Nikafungulia AC mpaka mwisho, nikawasha taa kubwa, waipa, redio, kila chenye kula umeme. Ile taa nyekundu haikuonekana tena. Nikapiga vigelegele peke yangu mle garini, Okello akacheza na sare yake pale nje, na madam akatoka mbio akidhani nyumba inaungua. Akaketi pembeni yangu, akaikodolea macho dashibodi.

"Nani katengeneza?"

"Mimi, madam."

"Yalla, haya, nizungushe."

Nikamzungusha mtaa mzima, taa haikuthubutu. Akampigia mnunuzi simu mle mle garini, akamwambia gari haliuzwi. Furaha ile, mwanangu, naionja mpaka leo! Niliwaendesha wale watoto mpaka wakamaliza shule.

Basi neno langu ni hili. Wazee tunapenda mafumbo, sikatai, lakini si kila tunalosema ni fumbo. Ukipewa ushauri, ujaribu kwanza kwa maana yake ya wazi, na usipoelewa uliza palepale, hata kama umeshaitikia. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Wala usimcheke anayekuuliza swali la kitoto, kwani mimi lilinirudishia kazi yangu. Mola akupe ulimi usioona haya, akupe na wa kukujibu, na mlango wa riziki utakaofungwa mbele yako akujaalie uufungue kwa mkono wako mwenyewe. Amin.