Kuku Aliyeatamia Ndani ya Redio

Hii aibu nilitaka nife nayo, lakini jirani yangu Wafula ameanza kuisimulia mtaa mzima wa Huruma huku akitia chumvi, kwa hivyo afadhali muisikie kwangu.

Mnajua mimi ni fundi wa redio. Kuna watu hapa Eldoret ambao burudani yao ni kuongea na watu wa mbali kwa mitambo yao wenyewe, wana leseni na kila kitu, na mara mojamoja hukutana Jumamosi kwenye uwanja mmoja upande wa Chepkoilel, pembeni ya kanisa, wakauziana na kubadilishana redio za zamani. Nilikuwa nimewatamani kwa muda mrefu. Hao wakikuamini wanakuletea kazi ambayo fundi wa simu hawezi kuigusa, na mkubwa wao, Mzee Kimaiyo (mwalimu mstaafu, mpole, haongei sana), akisema fulani ni fundi, basi ni fundi.

Sasa, kwa shemeji yangu kule Kiplombe nilipata redio kubwa ya zamani, ya kutuma na kupokea sauti, nzito kama gunia la mahindi. Ilikuwa kwenye banda la kuku. Kifuniko cha nyuma kilikuwa kimelegea, na kuku mmoja alikuwa ameingia humo akaatamia. Niliisafisha wiki mbili, nikaitengeneza, na swichi ya maiki, ile unayobonyeza ukiongea, iliyokuwa imekufa, nikaitilia springi ya kalamu. Kisha Jumamosi yao nikaipeleka uwanjani kuiuza, na (hapa ndipo nilipoharibu) nikachukua kitambaa cheupe alichofuma mke wangu, nikakitandika mezani chini ya redio, na Mzee Kimaiyo alipouliza ilikuwa inakaa wapi, nikamwambia sebuleni, miaka yote, juu ya kitambaa hiki hiki.

Akakiangalia kitambaa. "Wacha niisikie," akasema.

Utaratibu wao wa kujaribu mtambo ni kwamba unachomeka balbu mahali pa waya wa hewani. Ukiongea, balbu inawaka, na sauti haiendi popote. Mimi nilitaka asikie utamu wake, kwa hivyo nikatoa balbu nikafunga waya kwenye seng'enge ya kanisa, naye akaenda kusikiliza kwenye meza yake kule mwisho wa uwanja. Helo, helo, moja mbili. Akainua kidole gumba. Nikaachilia swichi, nikalaza maiki juu ya kitambaa, nikamgeukia Wafula aliyenisaidia kubeba. Springi ya kalamu haikurudi.

"Huyu mzee akijua kuku ilikuwa inalalia mayai humu ndani," nikasema, "hata ya bure hatachukua."

"We nyamaza tu," Wafula akasema. "Na kuna nyoya moja iko hapo nyuma, sijui uliiachia nani."

"Ataona na hiyo miwani yake?"

Ndipo nikagundua meza zote zimenyamaza. Watu walikuwa wamewasha redio zao, na kila moja ilikuwa imesema miwani. Mama mmoja akatokea kwenye geti la kanisa, kilemba kichwani.

"Baba, hiyo kuku yenu inaongea kwa spika yetu. Tuko kwa maombi." Kisha akaangalia mezani. "Na hiyo si kitambaa ya Mama Sharon?"

Mimi ndiye Baba Sharon. Nikasema ni yake.

Mzee Kimaiyo akaja polepole, akazima mtambo, akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa ule unyoya, akauweka juu ya kitambaa. Akapangusa miwani.

"Iliangua vifaranga ngapi?"

"Kumi na moja, Mzee."

"Sauti ni safi. Redio nitachukua," akasema. "Wewe, wacha kwanza nikuangalie."

Mpaka leo ananiangalia. Hakuna hata mmoja wao aliyeniletea kazi, na inaniuma, sitaficha, kwa sababu kumbe kuku hakumsumbua kabisa. Ningemtaja tangu mwanzo, labda angetuchukua wote wawili, redio na fundi. Kitambaa kilifuliwa, kikafungiwa kabatini, na ufunguo anao Mama Sharon. Mimi siku hizi mteja akiinama tu kutazama redio, naanza na ubaya wake kabla hajauliza. Juzi nilimwambia mmoja kwamba panya aliwahi kuzaa ndani ya spika, akaenda zake.

Wakikutana tena nitaenda, bila kitambaa, na balbu mkononi.