Mkono Niliompa Askari wa Mfalme

Sina faida ya kukudanganya. Skuli niliishia darasa la saba, kupamba maneno sijui. Haya yalinipata mimi mwenyewe, hapa London, mwaka ule sisi Wahindi tulipofukuzwa Uganda.

Nilikuja na shemeji yangu Zarina na wanawe wawili. Mumewe, kaka yangu Amirali, alibaki Kampala kukabidhi duka. Alisema angetufuata baada ya wiki moja. Ikapita miezi miwili bila barua. Tulipanga vyumba viwili mtaa wa Kenton, na kila jioni Zarina alimpakulia mumewe wali, akaufunika.

"Akifika na njaa atamla nani?" alikuwa akinitania. "Wewe mwenyewe huna nyama."

Nilipata kazi ya kulinda chumba katika makumbusho. Kulikuwa na maonyesho ya yule mfalme mkuu wa Wafaransa aliyeshindwa vitani, akapelekwa kisiwani akafia huko. Waliweka kofia yake, kitanda chake cha safari, na ukuta mzima wa picha za askari wake wa zamani. Wazee hasa, ndani ya sare za ujana wao zilizokwisha kuwapwaya. Maelezo nilisoma polepole: kila mwaka, siku aliyokufa bwana wao, walivaa hivyo wakaenda kumkumbuka.

Alhamisi moja, saa kumi alasiri, kiza cha majira ya baridi kimeshaingia na wageni wamekwisha, nikamkuta mzee kwenye benchi. Sare ya buluu, medali, kofia ya manyoya magotini. Nilidhani ni mwigizaji aliyeletwa na wakubwa. Nikamwambia tunafunga.

"Bwana wangu amekufa," akasema, "nami sikuwapo."

Machozi yalimtoka bila sauti. Ungefanya nini? Kwetu mfiwa hapitwi. Humuulizi dini wala kabila, unampa mkono wa tanzia. Nikampa.

"Pole, mzee. Mungu akupe subira."

Mkono wake ulikuwa mkavu na baridi kama bati la asubuhi. Hakuniachia.

"Nawe pole, mwanangu. Ndugu ni ndugu."

Na mimi, kwa mazoea ya matangani, nikaitikia, "Tumeshapoa."

Niamini, ndipo niliposhtuka. Nimepewa pole ya nani? Na mzee huyu alikuwa akisema nami Kiswahili cha Mombasa, nilikozaliwa, tangu neno la kwanza. Nikauvuta mkono kwa nguvu. Benchi lilikuwa tupu. Ukutani, katika picha ya tatu, alikuwa yeye, na kofia ile magotini.

Nyumbani niliketi bila kuvua koti. Zarina alinitazama. "Shemeji, mfalme wako amekufukuza kazi?" Kisha akaenda kuifunika sahani ya kaka.

Siku kumi baadaye alikuja jirani yetu wa Kampala, amekonda hata sikumjua. Alifungwa katika kambi ya jeshi, chumba kimoja na Kaka Amirali. Alisema kaka alikuwa mzima, na walishamwahidi kumwachia. Alhamisi ile ile, magharibi, askari wakamtoa. Ikasikika risasi moja.

Saa kumi ya London, Kampala ni saa moja ya magharibi. Nilipiga hesabu mara nyingi, nikitaka itoke vingine.

Watu wa Kenton walipokuja kutupa mkono, nilijifungia jikoni. Walidhani ni huzuni. Lakini mimi mkono wa tanzia ya kaka yangu nilikuwa nimeshaupokea, na nikaitikia, wakati bado anaweza kurudi. Watu husema iliandikwa tu. Labda. Zarina sijamwambia hadi leo, na mkono wangu wa kulia haupati joto hata nikiuweka juu ya jiko.

Wewe ukimkuta mtu usiyemjua analia, mpe kiti, mpe maji. Mkono uuzuie kwanza. Muulize aliyekufa ni wa nani, na usubiri jibu.