Presha ya Jumapili

Siku yangu ya kwanza kazini sikupewa spana. Fomeni, yaani msimamizi wetu wa mafundi bomba, alinipeleka nyuma ya karakana kwenye bomba moja lililochomoza ukutani, akasema, "Ziba hapo kwa kidole gumba, na usiachie." Nikaziba. Akafungua koki. Mama yangu wee! Maji yalinipiga usoni yakaingia mpaka ndani ya shati, na wenzangu wakacheka wakashika mbavu.

"Umeyaona?" Fomeni akauliza, yeye hacheki. "Hayo hayasukumwi na mashine. Yanashuka yenyewe kutoka Mlima Meru. Fundi wa Arusha kazi yake si kuyaleta maji tu. Kazi yake ni kuyashika mkono, yasiingie kwa watu yakikimbia."

Miaka ile hakukuwa na duka la kwenda kuchagua vifaa. Valvu ya kupunguza presha ilitoka stoo ya serikali, ya shaba tupu, na ikiharibika hukuitupa. Ndani yake kuna springi na kiwambo cha mpira. Springi inakandamiza, maji yanasukuma, na katika kuvutana huko maji yanayoingia nyumbani yanakuwa yametulia. Ukiona presha ya nyumba inapanda yenyewe, mara nyingi ni punje ya mchanga imekwama ndani, valvu haifungi sawasawa. Ikivuja kwenye kofia, kiwambo kimechanika. Tulifungua, tukasugua kwa mswaki wa meno, tukakata kiwambo kipya kwenye tyubu ya lori. Chekeni tu, vijana. Viwambo vyangu vingine vilikaa miaka mingi kuliko hivi vyenu vya kwenye pakiti.

Baada ya karakana nilihamishiwa juu kwenye matangi ya mlimani, kwenye baridi na ukungu, kisha nikashushwa mjini, mtaa wa Ngarenaro. Kadiri nyumba inavyokuwa chini, ndivyo maji yanavyofika kwa nguvu zaidi, kwa hiyo huko ndiko nilikoijua kazi. Na huko ndiko Fomeni alikonipa sheria yake kuu: presha ya Arusha hupimwa Jumapili, saa nne na nusu asubuhi. Watu wako ibadani, koki zimefungwa, mji mzima hauchoti, na maji yote yamejaa kwenye bomba yanatafuta pa kutokea.

"Ukipima Jumatatu asubuhi watu wakifua," alikuwa akisema, "ni sawa na kumpima mtu homa akishameza dawa."

Kisha ukaja wakati wa ruksa, biashara zikafunguliwa. Maduka yakajaa bidhaa, na serikali ikaanza kupunguza watu kazini. Jina langu lilikuwemo. Nilikaa wiki nzima naamka alfajiri, navaa, halafu sijui pa kwenda. Iliniuma sana, siwezi kuwadanganya. Mwishowe nikafungua kibanda changu cha ufundi palepale Ngarenaro.

Kazi zilikuwepo. Watu walikuwa wanajenga, na kila aliyejenga alitaka hita ya maji, maana baridi ya mwezi wa saba Arusha si mchezo. Tena walitaka bafuni maji yapige mpaka ngozi iwashe! Ukiweka valvu ya kupunguza presha, mwenye nyumba analalamika. Ukikataa kuiondoa, kesho yuko na fundi mwingine.

Mama Elinami alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa, mtu wa Marangu, anaishi Levolosi na mama yake mzazi ambaye miguu ilikuwa imekataa kabisa kutembea. Tulisali kanisa moja, na valvu ya nyumba yake niliiweka mimi.

"Fundi, hiki kidude chako kinakula maji yangu," aliniambia. "Kiondoe."

"Mama, kinalinda nyumba."

"Kinalinda nini, na mimi naoga kwa matone? Basi kama hutaki, sema."

Ilikuwa Jumatatu. Nikatoa geji, kile kipimo cha presha, nikapima, mshale ukakaa chini. Nikajiambia, ah, hapa presha ni ndogo tu. Niliijua sheria ya Fomeni kama ninavyoijua Baba Yetu, lakini siku hiyo nilitaka mshale uniambie ninachotaka kusikia. Nikaiondoa valvu.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, akaniita tena. Hita ilikuwa darini, juu ya chumba cha yule bibi, mama yake, na valvu yake ya usalama ilikuwa inadondosha maji ukutani. Valvu hiyo hutema maji presha ikizidi. Kutema ndiyo kazi yake. Ilikuwa inanisuta, nami nikaiita mbovu. Nikaziba tundu lake la kutemea kwa plagi ya chuma, nikasema Jumanne nitaleta mpya. Ukuta ukakauka. Mama Elinami akafurahi.

Kesho yake nilikuwa kwenye kwaya, sauti ya besi, nimevaa joho. Mchungaji akasema tunyamaze tuombe kimoyomoyo. Kanisa zima likatulia, na katika kimya kile nikajikuta nawaza: wote tuko hapa. Hakuna anayechota. Nikaangalia saa ya ukutani, saa nne na nusu. Mama Elinami alikuwa safu ya tatu, na nilijua huwa anaiacha hita ikiwaka ili akute maji ya moto akitoka kanisani. Mama yake alikuwa amelala chini ya ile hita, peke yake.

Nilitoka mbio na joho langu. Mwalimu wa kwaya alinivuta mkono nikamponyoka. Levolosi si mbali, lakini siku ile ilikuwa mbali.

Mlango ulikuwa wazi. Nikazima swichi kuu ya umeme, nikaingia chumbani. Darini hita ilikuwa inanguruma. Bibi akanitazama kuanzia kichwani mpaka miguuni.

"Nimeshakufa?" akauliza.

"Hapana, bibi. Shikamoo. Mimi ni fundi."

"Marahaba. Fundi gani anavaa hivyo?"

Nikamweka mgongoni, nikatoka naye. Tulikuwa tumefika kwenye mgomba wa uani tu, hita ikapasuka. Dari ilishuka yote, na maji ya moto yakamwagikia kitanda alichokuwa amelalia. Mvuke ukatoka dirishani. Bibi alinikaba shingo, akaanza kusali kwa Kichaga.

Waumini walionifuata wakafika. Mama Elinami akanishika mikono yote miwili analia, "Mungu amekutuma, Fundi! Umemwokoa mama yangu!" Watu wakapiga vigelegele. Na mimi, Mungu anisamehe, nikainamisha kichwa nikazipokea zile sifa.

Fomeni, aliyekuwa ameshastaafu na sasa ni mzee wa kanisa, aliingia ndani peke yake. Alipotoka alikuwa ameshika kipande cha valvu, plagi yangu bado imeziba tundu lake. Akanisogelea, akasema taratibu, "Utasema wewe, au niseme mimi?"

Nikasema mbele yao wote. Vigelegele vikakatika.

Mama Elinami akaitazama ile plagi. "Lakini kidude nilikuagiza mimi ukiondoe," akasema.

"Wewe ulitaka maji, mama. Fundi ni mimi."

Akaachia mikono yangu. "Nenda kwanza," akasema. "Nenda, nisije nikasema neno baya." Nikaenda.

Ulipita mwezi ndipo akaniita nikairudishe valvu. Nilikwenda kupima Jumapili, na bibi akiwa kwenye kiti chake akaniuliza joho nimeliacha wapi.

Sasa nimestaafu na mikono inatetemeka. Vijana huniuliza siri ya kazi, wanadhani iko kwenye spana. Mimi huwaambia: mteja atakuomba raha, na wewe utataka kumpa, na geji itakubali kupimwa siku yoyote unayopenda wewe. Hapo ndipo ufundi unapojulikana.

Kwaya sikurudi tena. Nakaa kiti cha mwisho kabisa, karibu na mlango. Watu wanadhani ni sababu ya magoti. Lakini kila Mchungaji anaposema tunyamaze tuombe, mimi sifumbi macho. Naangalia saa.