Seva Iliyoogopwa Kuzimwa

Kituo cha damu kilikuwa nyuma ya hospitali kuu, ghorofa ya chini, na aliyetunza kompyuta zake aliitwa Mama Pacha. Jina lake alikuwa nalo, ila tangu ajifungue mabinti wawili kwa mpigo hata mlinzi wa getini alikuwa amelisahau. Alikuwa mtu wa kuhakikisha mara mbili. Mlango akishaufunga anarudi kuusukuma. Pasi akishaizima anarudi kuigusa. Mumewe, fundi cherehani, alipenda kuwahadithia wageni kwamba siku ya ndoa yao bibi harusi alimuuliza mfungishaji kama ana hakika kalamu ina wino.

Miaka miwili nyuma, seva ya zamani ilipochoka, Daktari, mkuu wa kituo, alimwita ofisini. Seva ndiyo iliyobeba hifadhidata ya damu yote: nani kachangia, ni kundi gani, vipimo vinasemaje, mfuko uko friji ipi. Mashine mpya ilikuwa imeshafika. Kilichobaki ni kuchagua mfumo endeshi, yaani programu ya msingi ambayo hifadhidata itakaa juu yake. Wakala mmoja mwenye suti alikuwa amepita na kuacha vipeperushi vya kampuni yake.

"Huyu bwana anasema wa kwao ukiharibika tunampigia simu," alisema Daktari. "Wewe unautaka ule wa bure. Huo ukiharibika tunampigia nani?"

"Mnanipigia mimi."

Maneno yalimtoka kabla hajayapima. Lakini sababu zake zilikuwa na mashiko. Ule mfumo huria aliujua ndani nje. Walioiandika programu ya hifadhidata waliijaribu juu ya mfumo huohuo. Tena hakuchukua toleo jipya lenye madoido; alichukua lile lililokomaa, lisilobadilika-badilika, lililoahidiwa viraka vya usalama, yaani marekebisho ya kuziba mianya, kwa miaka mitano. Daktari akatia saini.

Tangu siku hiyo Mama Pacha hakuwa na raha na simu yake. Ikilia akiwa saluni, kichwa chini ya maji, aliipokea povu likimchuruzika. Kila asubuhi, kabla hata ya kuvua mkoba begani, aliiuliza seva imekaa siku ngapi bila kuzimwa. Mia moja. Mia mbili. Mwanzoni tarakimu zile zilimpa fahari. Zilipopita mia tatu zikaanza kumtia wasiwasi. Viraka alikuwa akiviweka, lakini baadhi havifanyi kazi mpaka mashine iwashwe upya, na yeye kila mwezi alipata sababu ya kuahirisha. Leo kuna upasuaji mwingi. Leo wachangiaji wamejaa. Ukweli aliujua mwenyewe: aliogopa kwamba ikizimwa haitaamka.

Ilipofika siku ya mia nne sitini na moja, fundi umeme alibandika tangazo ukutani. Jumamosi, saa nne hadi saa tano asubuhi, umeme wa jengo zima utakatwa ili wabadilishe swichi kuu.

"Hata nusu saa haipungui?" Mama Pacha alimuuliza.

"Dada yangu, ile swichi inanuka moshi. Unataka iungue na jengo?"

Jumamosi akachukua nakala rudufu ya data yote, akaikagua, akaikagua tena. Saa nne kasoro dakika tano aliizima seva. Feni zilinyamaza, na chumba kikawa kimya mpaka akasikia saa ya ukutani. Alikaa juu ya katoni ya karatasi kwa saa nzima. Mumewe alimpigia kumuuliza kama amekula. Alimjibu ndiyo, bila kusikia alichoulizwa.

Umeme uliporudi alibonyeza kitufe. Maandishi yakapita kwenye kioo, yakasimama, yakapita tena. Halafu taa ya kijani. Hifadhidata imeamka, haina lalamiko hata moja. Huko mapokezi karani alipaza sauti, "Imerudi!" na watu wakapiga makofi. Mama Pacha alishusha pumzi, akaegemea ukuta.

Hazikupita dakika tisa, mlango ukasukumwa. Alikuwa bibi wa maabara, mama mtu mzima ambaye wote walimwita Shangazi. Alikuwa na tabia ya kuhesabu mifuko ya damu kwa mkono kila asubuhi, na watu walimcheka kwa hilo.

"Mwanangu, mashine yako inasema nina mifuko kumi na moja ya O hasi. Friji nimeifungua sasa hivi. Ni miwili."

"Labda haijajipanga bado, Shangazi."

"Na mfuko niliouingiza jana jioni kwa mkono wangu haumo kabisa."

Mama Pacha alirudi kwenye kibodi. Aliitafuta rekodi ya mwisho kwenye hifadhidata. Tarehe yake ilikuwa ya miezi kumi na minne iliyopita.

"Simamisheni!" Alikimbia koridoni mpaka mapokezi. "Asiandike mtu kitu! Damu isitoke hapa kwa kutazama kompyuta!"

"Chumba cha upasuaji wanasubiri mfuko," karani alisema.

"Watapewa," Shangazi alijibu, ameshatoa daftari lake na kalamu. "Kwa macho na kwa kipimo, kama zamani. Nenda, mwanangu. Huku niachie mimi."

Mbele ya seva, baada ya kukosea nywila mara mbili, ndipo alipokumbuka. Miezi kumi na minne nyuma diski ilikuwa imejaa. Aliongeza diski kubwa, akanakili data yote huko bila kufuta ile ya zamani, na kuiunganisha palepale ilipokuwa folda ya zamani, kama mtu anayetandika mkeka mpya juu ya mkuukuu. Ilibaki hatua moja: kuandika mstari kwenye faili ambalo mfumo hulisoma unapoamka, ujue kwamba ile diski iunganishwe. Wakati huohuo shule ikapiga simu. Pacha mmoja ameanguka, mkono umevunjika. Akaondoka mbio. Kesho yake kila kitu kilikuwa kinafanya kazi, naye akasahau. Sasa mfumo ulikuwa umeamka bila kuijua diski mpya, na hifadhidata ikajilaza kwenye mkeka wa zamani.

Alisimamisha hifadhidata. Akaandika ule mstari, akausoma kwa sauti, herufi kwa herufi. Akaunganisha diski. Data ilikuwepo, nzima, hadi mfuko wa jana wa Shangazi. Kisha akafanya lile lililomtisha kuliko yote: aliizima seva tena na kuiwasha, makusudi, aone kama itaamka yenyewe sawasawa. Iliamka. Wachangiaji watatu walioandikishwa katika zile dakika tisa waliandikishwa upya. Hakuna mfuko uliokuwa umetoka kimakosa.

Alikwenda ofisini kwa Daktari akiwa na hakika amemwaga unga.

"Kosa ni la mfumo?" Daktari aliuliza.

"Si la mfumo. Ni langu. Mfumo ulifanya nilichouandikia."

Daktari aliifunika kalamu yake. "Na mbona hatukulijua mapema?"

"Kwa sababu niliogopa kuizima."

Hakufukuzwa. Aliandika taarifa ya kurasa mbili, na Daktari akamwagiza amfundishe karani wa mapokezi kazi yote ya seva. Sasa kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi seva huzimwa na kuwashwa, na anayebonyeza ni karani. Shangazi husimama mbele ya friji akihesabu, kisha hesabu yake hulinganishwa na ya mashine kabla mtu hajaruhusiwa kuandika.

Mara ya kwanza Mama Pacha hakuweza kukaa chumbani. Alitoka uani akazunguka gari la wagonjwa mara nne, mpaka karani alipochungulia dirishani.

"Mama Pacha, tayari. Hesabu ya Shangazi na ya mashine zinalingana."

"Umeangalia tarehe ya rekodi ya mwisho?"

"Nimeangalia."

"Hebu kaangalie tena."