Makaa ya Bibi

Namshukuru Mungu, anayetulinda tukiwa wengi na tukiwa wachache.

Nikisikia harufu ya moshi wa kuni za mibuni, naikumbuka siku tuliyohama kwa Bibi. Baba zangu wakubwa walikwisha kuhama. Sisi ndio tuliokuwa wa mwisho. Baba alijenga nyumba ya bati ng'ambo ya shamba la kahawa. Kwetu, anayehama huomba makaa kwenye jiko la mama yake. Baba hakuomba. Alinunua kiberiti Tunduma.

Moto ulikataa kuwaka. Kuni zilikuwa kavu na upepo haukuwepo, lakini moshi ulitoka mlangoni, ukainama, ukaelekea kwa Bibi kama mtoto aliyeitwa. Mdogo wangu alilia njaa.

"Turudi tu, baba," Mama alimnong'oneza mumewe.

Ndipo Bibi akaja na makaa kwenye kigae.

"Kiberiti cha mjini kimeogopa mafiga?"

"Shikamoo, mama," Baba alisema, akiinamisha macho.

"Marahaba. Pikeni, watoto wale."

Moto ukawaka papo hapo. Nilitazama ng'ambo, paa la Bibi halikutoa moshi hata kidogo.

"Bibi, umebakiza mengine?"

"Nimeyaleta yote, mjukuu wangu. Nitampikia nani?"

Nawe unayesoma, Mungu akujalie wa kula naye.