Vidole Kumi, Rangi Kumi

Nilipokuwa nikiuza vitu vya urembo sokoni Kwa Vonza sikuwa na meza. Nilikuwa na kikapu, gunia la kutandika chini, na mikono yangu. Kikapuni mlikuwa na mafuta ya mgando niliyopima kwa kijiko, poda, wanja, vioo vya mfukoni, tupa za kucha, viwembe, na chupa ndogo za rangi ya kucha. Zile chupa ndizo zilizonitesa. Wanawake walizifungua zote, kila mmoja akajaribu tone moja, kisha wakaenda zao bila kununua.

Kwa hiyo nikatumia akili. Nilijipaka mwenyewe, kila kidole rangi yake. Dole gumba la kulia lilikuwa jekundu, kinachofuata cha machungwa, cha kati zambarau, hivyo hivyo mpaka kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, ambacho kilikuwa cha rangi ya fedha na hakuna mtu aliyewahi kukitaka. Mteja akija nilinyoosha mikono yote miwili.

"Chagua kidole, mama."

Walicheka, wakanibonyeza vidole kama watu wanaochagua nyanya.

"Na siku nikitaka kuitoa?"

Nitasema ukweli. Dawa ya kutolea rangi ilikuwepo Kitui mjini, lakini ilikuwa ghali na haikununuliwa haraka, kwa hiyo sikuileta. Niliwaambia wakwangue kwa wembe, wembe ukiwa umelazwa usije ukakata, ama warudi wanunue rangi nyingine wapake juu. Wengi walipaka juu. Mimi nilijua watafanya hivyo.

Mume wangu alikuwa akiziba magurudumu huko Salama, kando ya barabara kuu. Mwisho wa mwezi alikuja Kwa Vonza. Tulikuwa tumeishi hivyo miaka mitano, bila mtoto. Vidole vyangu vilimfurahisha sana. Aliniita "duka". Akifika mlangoni aliuliza, "Duka liko wazi?" nami nilimwambia linafungwa kwa wasionunua.

Habari ilinikuta sokoni, mchana. Dereva aliyetoka Salama alinijia pale kwenye gunia, akavua kofia, akaniambia mume wangu amegongwa na lori akiwa amechuchumaa kwenye gurudumu. Ilikuwa siku ya nne tangu agongwe. Watu wa kwao karibu na Mukuyuni walishamtoa mochari na walikuwa wanamzika kesho yake, saa nane. Hawakunitumia neno. Nilikunja gunia, nikabeba kikapu kwa sababu sikuwa na pa kukiacha, nikatafuta gari.

Njiani nilijaribu kuitoa ile rangi kwa meno. Nilifanikiwa nusu ya kidole kimoja.

Nilifika asubuhi ya mazishi. Wanawake walikuwa wamekaa nje ya jikoni, mama mkwe wangu katikati yao. Nilimpa mikono miwili, kama anavyopewa mama aliyefiwa. Aliitazama mikono kabla ya kunitazama uso.

"Hii ni nini?"

"Ni kazi, mama. Ni rangi za kuonyesha wateja."

"Kazi." Akawageukia wengine. "Mmesikia? Mtoto wangu yuko kwa sanduku, bibi yake amekuja na kazi kwa vidole."

"Labda aliambiwa ni harusi," akasema wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu.

"Harusi gani? Hata bibi harusi hupaka rangi moja. Huyu amepaka soko zima."

Kuna waliocheka. Mmoja alificha mdomo kwa leso, lakini mabega yalikuwa yakitikisika.

Mama mkwe hakucheka. "Hiyo mikono haitashika udongo wa mtoto wangu," alisema.

Kule kwao, mke huitwa baada ya wazazi. Anakwenda hadi ukingoni, anachota udongo kwa mkono, anaurusha juu ya sanduku, kisha wanaume wanaanza na majembe. Anayeitwa ndiye mke, mbele ya kanisa na mbele ya ukoo. Mwenye watoto ana watoto wa kumshuhudia. Mimi sikuwa na mtoto, wala nyumba katika boma lile. Nilikuwa na ule udongo wa kiganja kimoja tu.

"Nitazitoa, mama," nikasema. "Zitakuwa zimetoka kabla ya saa nane."

Fundi alikuwa kando ya ghala, akipaka vanishi kifuniko cha sanduku. Nilisikia harufu ya tina, yale maji makali ya kulainishia vanishi, nikajua yanaweza kutoa rangi yangu kwa muda wa kuvuta pumzi. Nilimwendea nikamwomba kidogo tu. Alikuwa mzee, hakuuliza mengi. Alilowesha kitambaa, akaninyooshea.

"Fundi!" Mama mkwe alikuwa amesimama. "Hiyo nilinunua ya sanduku la mtoto wangu ama ya kucha za malaya?"

Mzee akarudisha kitambaa. Alisema pole bila kunitazama, akaendelea na brashi yake.

Niliporudi jikoni, wifi alikuwa ameshafungua kikapu changu. Alichagua wembe, akautoa kwenye karatasi.

"Si unauza hizi? Wacha tuone kama zinakata."

Aliketi kwenye kigoda, akaweka mkono wangu juu ya goti lake. Mwanamke mwingine akachukua mkono wa kushoto na kipande cha msasa alichookota kwa fundi. Msasa hakuna aliyeukataza. Kwaya ilikuwa imeanza kuimba upande wa pili wa nyumba, na wifi akawa anaitikia huku akikwangua.

Jekundu lilikuwa na mipako mitatu. Lilitoka unga unga kama pilipili, likamwagika kwenye sketi yake. Zambarau ilibanduka vipande. Kwenye kidole cha nne wembe uliingia nyamani.

"Ulaze, wifi," nikamwambia. "Ukiusimamisha unakata."

Akausimamisha zaidi. "Tulia. Ndugu yangu alikanyagwa na lori. Wewe unalilia ukucha?"

Nilitulia. Yeye mwenyewe alikuwa akilia. Ndiye aliyembeba mgongoni alipokuwa mdogo, mume wangu aliwahi kuniambia. Machozi yake yaliangukia vidole vyangu na kuwasha pale palipokatika, lakini hakusimamisha mkono.

Walipotuita, vidole saba vilikuwa havina rangi. Vitatu bado vilikuwa nayo. Vingine vilikuwa vikitoka damu, na kucha zimekonda mpaka nyama ilionekana ndani yake. Mama mkwe alikuja akavitazama.

"Sasa ndiyo mbaya kabisa. Utaenda kumwagia mtoto wangu damu? Kaa nyuma."

Nilikaa nyuma. Nilisimama nyuma ya kwaya, mikono chini ya leso. Mchungaji alikuwa kijana, mgeni, hakutujua. Waliitwa wazazi. Halafu akasema, "Mke wa marehemu, karibu."

Haikuwa kweli kwamba wote walikuwa wabaya. Walikuwepo majirani waliokula harusi yetu, nao waligeuka wakanitafuta kwa macho. Mwanamke mmoja mbele yangu alisogea kando ili nipite. Ningesema "niko hapa", maneno mawili, na njia ingefunguka mpaka kaburini. Hakuna ambaye angenizuia mbele ya mchungaji.

Nilizidi kuficha mikono. Vidole nilivyowanyooshea watu soko zima, vidole alivyovicheka mume wangu na kuvibusu, nilivionea haya. Sikuwa nimeshikwa na mtu. Kwa ule muda mfupi niliona kwamba mama yake anasema kweli, kwamba mwanamke wa namna hii hafai kumzika. Wembe nimeusamehe. Hilo la kunyamaza sijaweza.

Wifi ndiye aliyekwenda. Mchungaji alimwekea mkono kichwani, akamwomba Mungu amtunze mjane huyu. Hakuna aliyemsahihisha. Nilisikia udongo ukigonga mbao, kisha ukagonga tena, halafu majembe.

Baadaye wifi alinikuta nyuma ya jikoni nikijimwagia maji vidoleni. Viganja vyake vilikuwa bado na udongo mwekundu, akawa anavipangusa kwenye sketi.

"Nimerusha mara mbili," alisema. "Moja yangu, moja yako."

Nikamwambia asante.