Mkono wa Hedley Cawthorne

Katika kijiji chetu cha machimbo hakuna aliyewahi kumwona Hedley Cawthorne akitetemeka. Maisha yake ya kazi aliyamaliza kwenye mtambo uliowashusha watu shimoni na kuwapandisha, na waliopanda kizimba chake wanaapa hawakuwahi kurushwa hata kidogo. Alipostaafu, utulivu huo akauhamishia kwenye mchezo wa kurusha vishale ubaoni pale baa ya Kengele, nasi tukajisifia mkono wake kana kwamba ni wetu.

Ambalo hatukulijua ni kwamba utulivu ule ulikuwa na mshirika. Enoch Marsden, mwenzake waliyecheza naye wawili wawili, alisimama nyuma yake kila mara, akimumunya peremende zake za kikohozi, na kilipobaki kishale cha kufunga mchezo alimnong'oneza, "Achia, mzee." Hedley akaachia. Miaka nenda miaka rudi, hakufunga mchezo hata mmoja bila neno hilo.

Vumbi la makaa lilimmaliza Enoch wakati wa baridi. Siku zake za mwisho, Hedley alipokwenda kumjulia hali, mgonjwa alicheka mpaka akakohoa.

"Mimi nikienda, nani atakuambia achia?"

Ulikuwa utani wao wa kawaida, lakini Hedley alitoka mle chumbani akiwa amesisimka mwili.

Baada ya mazishi mkono ukagoma. Alisimama mstarini, akalenga, akavuta mkono nyuma, na vidole vikakataa kufunguka. Mwanzoni tulimcheka, mmoja akamuuliza kama kishale anakisubiri kitage. Kisha tukaacha, maana inatisha kumwona mtu mzima akishindana na vidole vyake mwenyewe huku jasho linamtiririka. Daktari alisema mkono hauna kasoro. Jud Thackray, nahodha wetu, mtu asiyejua kuzungusha maneno, akamwambia acheze fainali ya Jumapili, na mkono ukigoma tena nafasi yake apewe mwingine. Mke wa Hedley alishatangulia, na mtambo walishaushika vijana. Bila vishale, kilichomsubiri ni kiti cha dirishani tu.

Jumapili adhuhuri Kengele ilifurika. Mchezo ulifika ukingoni, Hedley akabakiwa na kishale kimoja, na mahali pa kukipiga ni ule mstari wa nje wa ubao, mwembamba kama ukucha. Akainua mkono, mkono ukaganda. Mwandika alama alisimama kando ya ubao na chaki yake bila kujitikisa, kama desturi inavyotaka. Hedley akaomba moyoni, bila aibu yoyote, kwamba Enoch aje, hata kwa mara hii moja.

"Achia, mzee."

Kishale kikaenda, kikakaa pale pale. Baa nzima ikalipuka kwa shangwe. Hedley akageuka nyuma, asione mtu. Mahali pa Enoch tulikuwa tumepaacha wazi kwa heshima, na hakuna aliyethubutu kupakanyaga. Kulikuwa na harufu ya peremende za kikohozi tu.

Siku ile hakumwambia mtu. Alikwenda kwa binti yake, Maureen, kula chakula cha Jumapili, akitembea kwa wepesi kama kijana. Maureen alikuwa jikoni akikoroga mchuzi, akamwomba amshushie mtoto aliyekuwa ameamka. Hedley akapanda ghorofani, akambeba mjukuu wake mchanga, akarudi mpaka juu ya ngazi. Ngazi za nyumba zetu zina mteremko mkali, na chini kabisa ni sakafu ya mawe.

Harufu ya peremende ndiyo iliyotangulia.

"Achia, mzee," sauti ikasema nyuma ya sikio lake, kwa upole ule ule.

Akahisi kidole gumba kinalegea, kisha cha pili. Vidole hivyo vilikuwa vimelitii neno lile miaka nenda miaka rudi. Akaomba tena, na safari hii aliuomba ule ugonjwa wake urudi.

Vidole vikaganda.

Mchuzi ulipoanza kupoa Maureen alipanda kumtafuta. Alimkuta baba yake ameketi sakafuni, mgongo ukutani, mtoto amelala kifuani pake, naye mzee uso mweupe kama chaki.

"Baba, niachie mimi sasa."

"Usilitamke hilo neno humu ndani," Hedley akasema. "Vifungue vidole vyangu wewe mwenyewe, mwanangu. Kimoja kimoja."